Sigara Iliyovuka Kizingiti

Ukija Gando kwa njia ya Wete, ukishapita msikiti na duka la vocha, utaona karakana ya seremala na benchi refu mbele yake. Benchi hilo lilikuwa ubavu wa kitanda. Kijana aliyekiagiza alitaka kuoa, akaghairi, na Mjaka seremala akaona dhambi mfenesi mzuri ule kuoza bure. Akaupigia miguu, akauweka nje. Tangu hapo kijiwe chetu chaitwa Kitandani. Mtu akiulizwa na mkewe, "Waenda wapi?" hujibu, "Kitandani," na wake zetu wamelichoka neno hilo kuliko wanavyotuchoka sisi. Baada ya alasiri Mzee Jaribu hutua hapo na dele lake la kahawa na sahani ya kashata, nasi twatua naye kama nzi. Yupo Nyange, fundi mwashi, tunayemwita Timazi kwa kuwa machoni pake kila kitu kimepinda. Yupo Haroub, Mufti. Hakusoma kutushinda, ila hukumu hutoa. Yupo Mmanga, Dakta, aliyelazwa hospitali kwa ngiri akarudi na elimu ya viungo vyote. Mimi waniita Redio, kwa dhulma tu. Na mwenye karakana, Mjaka, twamwita Dohani, kwa moshi.

Ajabu ya Mjaka ni kwamba karakanani hakuwahi kuwasha sigara hata siku moja. Aliyaogopa maranda: cheche moja tu, na vitanda vya watu vyote vimekwenda. Kwa hiyo moshi wote aliupeleka nyumbani. Akifika, huvua makubadhi, huketi kwenye kiti chake ukumbini, huwasha, na nyumba hufungana kama jiko la harusi. Mkewe, Bi Mwatum, alisuka mikeka yake ndani ya moshi huo miaka na miaka. Wateja wake wa Chake walikuwa wakisema mkeka wa Mwatum huutambui kwa rangi, huutambua kwa harufu.

— Maranda wayaonea huruma, Mwatum humwonei, Nyange alipata kumwambia.

Mjaka akacheka, yakaisha.

Yakaja kuanza upya binti yao Laila alipokuja kujifungulia kwa mamake. Akapatikana mtoto wa kike, Ummkulthum, mdogo kama mkate wa mofa. Mwatum akatoa amri: sigara nje. Mjaka akasema hewala. Siku chache baadaye Mwatum akaona moshi watoka dirisha la choo, na mtoto chumba cha pili akohoa. Mjaka alipofungua mlango wa choo alimkuta mkewe amesimama pale, na Laila nyuma yake.

— Maneno ya mume wangu, akasema Mwatum, kama sigara yake. Yatoka mdomoni, yapotea.

Mjaka hakuzoea kuambiwa hivyo mbele ya mwanawe. Damu ikampanda.

— Mwatum! Nikivuta tena sigara ndani ya nyumba hii, weye si mke wangu!

Laila akalia. Mwatum alirudi kwenye mkeka wake. Na Mjaka mwenyewe, kwa alivyotusimulia, alihisi lile neno limetua katikati ya ukumbi kama nyoka, halitoki, na wao wote sharti walizunguke. Tangu siku hiyo alikuwa akivutia nje kabisa, upenuni, na mvua ikija hulowa. Alijaribu na kuiacha. Asubuhi huacha, adhuhuri hurudia.

Sasa, siku nnayoisimulia, tulifika Kitandani tukakuta mlango wa karakana umeegeshwa. Mzee Jaribu hajamaliza kumimina kikombe cha kwanza, Mjaka akatoka ndani. Shati la jana. Kofia imepinda. Maranda kwenye nywele na ndevu.

— Yakhe Dohani, akasema Nyange, umelala humo?

— Nimejinyoosha kidogo.

— Tangu lini?

— Tangu jana.

Tukatazamana. Mzee Jaribu akampa kikombe bila kuombwa.

— Mwatum kakufukuza? akauliza Mufti.

— Mwatum hajui niko wapi. Nimemwambia Laila kwa simu nakwenda Wingwi kutafuta mbuzi wa akika ya mtoto. Kisha simu nikaizima.

— Haya, na mbuzi?

— Mbuzi gani, Haroub! Mie sijui kama nna mke, weye waniuliza mbuzi!

Nyange, aliyekuwa keshatoa pakiti yake ya sigara mfukoni, akairudisha. Mjaka akaketi katikati yetu, akatusimulia, macho kwenye kikombe.

Jana yake mvua ilinyesha vizuri. Yeye alikuwa nje upenuni, mgongo umegusa ukuta, kawasha sigara na kuivuta mara moja au mbili. Mara akasikia Mwatum kule ndani: "Mjaka! Mjaka wee, njoo hima!" Akaruka. Mtu akiitwa na mkewe sauti ile hafikirii. Kafika katikati ya ukumbi ndo akahisi joto mdomoni. Sigara! Sigara yawaka mdomoni, ndani ya nyumba! Akageuka alivyo, akatoka mbio mvuani, na hakusimama mpaka karakanani.

— Sasa nambieni, akasema. Nimevuta au sikuvuta?

— Weye mwenyewe wasemaje? nikamuuliza.

— Sijui, wallahi. Ilikuwamo mdomoni. Nilikuwa nahema. Kama nilihema kwa mdomo, nimevuta. Kama kwa pua, sikuvuta. Nani huangalia alivyohema?

— Kamuulize Shehe Talib, akasema Mzee Jaribu. Ndo mwenye elimu yake.

— Shehe Talib ni nduguye Mwatum, tumbo moja! Nimwendee nimwambie nini? "Shemeji, nadhani nimemwacha dadako kwa bahati mbaya"?

Kweli hiyo ilikuwa nzito. Basi sisi, ambao hatukuwa na elimu wala udugu, tukaingia kazini. Mufti akakaa vizuri, akakunja kanzu.

— Tuanze na lugha. Uliapa hutavuta. Hukuapa hutabeba. Huyu jana alibeba. Mtu akipita msikitini na kuku, huyo kafuga kuku msikitini?

— Huo si mfano, akasema Mmanga.

— Ni mfano. Na wahenga wamesema: mbeba maji hanywi yote.

— Wahenga gani hao?

— Wa kwetu Kiuyu. Weye huwajui.

Nyange akatikisa kichwa. Akachukua kipande cha ubao, akaanza kuchora chini mchangani.

— Nyie mwafuata maneno, mie nafuata jengo. Nyumba ile nimeijenga kwa mkono huu. Hapa vyumba, hapa uani. Huu ukumbi, Mjaka, tuliuongeza mwaka uliofuata, wakumbuka? Msingi wake mbali, si ule wa nyumba. Ukuta umeshikana na nyumba kwa lipu tu. Kwa ufundi, ukumbi ule si nyumba. Ni jirani.

— Kwa hiyo nilikuwa kwa jirani? akauliza Mjaka, na uso wake ukaanza kupata nuru.

— Kwa jirani kabisa. Chanda chema huvikwa pete.

— Hiyo pete imeingiaje hapo? nikauliza.

— Imeingia kwa kuwa msingi ni kama chanda. Redio, usinikatize.

Mmanga hakuridhika. Akainua kidole, kama anavyoinua kila siku anapotaka kutueleza maini.

— Jengo liwe la nani, sisi twazungumza mapafu. Nilipolazwa mie, kitanda cha pili kulikuwa na mzee wa kifua, nimemsikia dakta akimweleza. Mtu akistuka, mapafu hufunga. Yana vilango. Weye uliitwa kwa ukelele, ukastuka, vilango vikafunga tap! Tangu upenuni mpaka karakanani hukuvuta hata hewa, sembuse sigara.

— Mpaka karakanani? Mwendo wote ule?

— Mtu mwenye hofu hahitaji hewa.

— Mmanga, akasema Mzee Jaribu, mie na umri wangu huu sijapata kukwita mrongo. Leo nakaribia.

Mufti akaona anapitwa, akarudi kwa kishindo.

— Ngoja! Uliingia na makubadhi au uliyavua?

— Niliingia nayo. Nitayavuaje na naitwa?

— Basi hukuingia! Kuingia kwetu ni kuvua viatu. Mwenye viatu mguuni ni mpita njia. Haya, na kiapo chenyewe ulikiapia wapi?

— Mlangoni pa choo.

— Miguu yako ilikuwa wapi?

— Sikumbuki. Nadhani mmoja ndani ya choo.

— Alhamdulillahi! Ulisema "nyumba hii" na mguu uko chooni. Basi "nyumba hii" ni choo! Kiapo chako chahusu choo peke yake. Kaa ukumbini uvute mpaka macho yatoke.

Nasi tukacheka, na Mzee Jaribu kacheka mpaka kashata zikamwagika kutoka sahanini. Mjaka hakucheka. Akaweka kikombe chini.

— Mie nawauliza kitu cha kweli. Mwanamke yule kanizalia, kanivumilia, mamangu alipougua miaka miwili ya kitandani ni yeye aliyemgeuza ubavu. Mie nikamning'iniza kwenye sigara. Kama ni halali yangu, nataka kwenda nyumbani. Kama si halali yangu, sitaki nimtie dhambini. Msinifanyie mchezo.

Hapo tuliona haya. Lakini kijiwe ni kijiwe. Haya yake haidumu. Mmanga ndiye aliyezungumza kwanza, kwa upole.

— Basi tufanye majaribio. Hospitali hawabishani, hupima. Timazi weye mvutaji. Washa sigara, iweke mdomoni, mikono nyuma, ukimbie mpaka bomba la msikiti na kurudi, kama Mjaka alivyokimbia. Tuone mtu aweza kukimbia na sigara bila kuivuta.

— Mbona mie?

— Kwa kuwa hukumu ya mwashi ndo imetuchelewesha.

Nyange akawasha. Akafunga mikono nyuma kama mfungwa, kitambi mbele, akatoka mbio. Watoto wa chuo cha Kurani wakaacha njia. Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo akasimama akasema, "Astaghfirullah, huyu naye kapatwa na nini?" Alipofika bombani akageuka, na pale tukasikia kikohozi, cha kwanza, cha pili, kisha vikawa havihesabiki. Alirudi akiyumba, machozi shavuni, sigara imebaki nusu, jivu limemwagika kidevuni.

— Umevuta? akauliza Mmanga.

Nyange akakohoa.

— Timazi, sema haki. Umevuta, hukuvuta?

— Sijui! akasema Nyange, amejishika mbavu. Wallahi sijui. Najua nakufa tu.

— Sigara imepungua, nikasema. Huenda ni upepo.

— Huenda ni yeye, akasema Mmanga.

— Haya, akasema Mufti, tumepata elimu kubwa leo. Hapo mwanzo asiyejua alikuwa mmoja. Sasa ni wawili.

Wakati huo alikuwa amefika mgeni. Kijana mmoja mrefu, Ashraf, mtu wa Makoongwe, kaoa hapa Gando na amekuja kuwaona wakwe. Mkwewe alimtuma kwa Mjaka kuagiza mlango. Alitusalimu, tukamjibu, akaketi ncha ya benchi, Mzee Jaribu akampa kikombe. Akakaa akitusikiliza kwa adabu, kwa kuwa mkwe ugenini hana sauti. Nyange alipomaliza kukohoa, ubishi ukaanza tena: Mufti na viatu vyake, Mmanga na vilango vyake. Yule kijana akasubiri pengo, akajikohoza.

— Samahani, wazee wangu. Naomba kuuliza.

— Uliza, mwanangu, akasema Mufti. Hapa ndo penye majibu.

— Huyo mama, jana. Kwani alimwitia nini?

Mufti akamtazama Mmanga, Mmanga akanitazama mimi, nami nikamtazama Mjaka. Mjaka alikuwa ameshika kofia yake mkononi.

— Alisema, "Njoo hima," akajibu.

— Naam. Hima kwa lipi?

Nilimwona uso ukimbadilika polepole, kama mtu aliyefika mbali na nyumbani akakumbuka kaacha jiko linawaka.

— Sikumuuliza, akasema. Niligeuka.

Kisha akasimama.

— Redio, nifuate. Mie kuingia siwezi. Weye utapiga hodi.

Nilimfuata. Alitembea mbele yangu kwa kasi, anajisemea mwenyewe: "Au mtoto kaanguka. Hapana, tungesikia. Au Laila. Au paa limevuja kitandani..." Nyuma yetu, kwa mbali, walikuja Mufti, Mmanga na Nyange, wakijifanya wana safari zao. Hata Mzee Jaribu alikuja na dele mkononi. Yule kijana wa Makoongwe peke yake ndiye aliyebaki Kitandani kulinda kashata.

Tulipofika, Mjaka alisimama njiani kabisa, upande wa pili, asikanyage hata upenu. Nikapiga hodi. Mwatum akatoka na ukili wa mkeka kwapani, kanga kichwani.

— Ee, Redio. Umekuja kuchukua habari au kuleta?

— Kuleta, Bi Mwatum. Nimemleta mumeo.

Akamtazama Mjaka kule njiani, kwa muda, kutoka kofia mpaka makubadhi.

— Huyu si yuko Wingwi?

— Nimerudi, akasema Mjaka.

— Na mbuzi?

— Hawakupatikana.

— Wingwi imekwisha mbuzi. Subhanallah. Na huko Wingwi siku hizi walala juu ya maranda?

Mjaka akajipapasa ndevu. Nikasikia pembeni ya ukuta Nyange akikohoa, na mtu akimziba mdomo.

— Mwatum, akasema Mjaka. Jana uliniitia nini?

Mwatum aliutoa ukili kwapani, akauzungusha mkononi, akauangalia.

— Leo ndo wauliza.

— Leo.

— Nilikuitia cheko.

— Cheko gani?

— La mjukuu wako. Ummkulthum kacheka. Si lile la usingizini, la kuchekeshwa na malaika. Kanitazama machoni, kanijua, kacheka mpaka fizi zote nje. Laila yuko chooni anaoga. Sikuwa na mtu wa kumuonyesha. Nikakuita weye. Nageuka, naona mgongo wako watoka mlangoni.

Baiskeli ikapita kati yetu na yeye, mwenye baiskeli akasalimu, hakuna aliyeitikia. Kisha Mjaka akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo:

— Mie nilidhani nimekuacha.

— Uliniacha, akasema Mwatum. Uliniacha kweli. Uliniacha nimesimama ukumbini na mtoto mkononi, acheka, na mvua yaingia mlango ulioacha wazi.

Mimi nilitazama miguu yangu. Yako mambo ambayo hata mtu aitwaye Redio hayamhusu.

— Ile sigara, akasema Mjaka. Ilikuwa mdomoni. Uliniona nikiivuta?

— Nimekwambia nimeona mgongo. Mie nilikuwa naangalia kitu chenye maana.

— Basi mie sijui. Sijui kama wewe ni mke wangu.

— Ndo maana nimempigia simu kaka Talib jana ile ile, kabla mvua haijakatika. Wafikiri mie nilisahau ulichokiapa? Laila kakiokota kichungi cha sigara yako pale mlangoni nje, kimelowa, nikajua umekimbia nini. Kaka kaniuliza, "Ulimwona akivuta?" Nikamwambia hapana. Kasema, "Basi mwulize mwenyewe, ana hakika?" Una hakika?

— Sina. Wallahi sina.

— Kasema kama huna hakika, ndoa ni yakini na kuvuta kwako ni shaka, na yakini haiondolewi na shaka. Ndoa iko palepale. Ila kasema baada ya magharibi ya leo umwendee. Ana maneno na ulimi wako.

Pembeni ya ukuta nikasikia Mufti akinong'ona kwa ushindi: "Si nilisema?" na Mmanga akimwambia, "Weye ulisema choo!"

Mjaka akavuka njia. Alipofika kizingitini akasita, mguu hewani.

— Ngoja, akasema Mwatum. Hiyo ndoa ndo iko palepale. Na neno lako je, si nalo liko palepale? Uko hapo mlangoni umelining'iniza. Nikiwa napika laning'inia, nikiwa nalala laning'inia. Leo mvua, kesho utaitwa kwa jengine.

— Sitavuta ndani.

— Ndani hukuvuta, kwa shaka yako. Na nusura tuachane.

Mjaka akatia mkono mfukoni, akatoa pakiti. Nilidhani ataitupa kwa kishindo, kama watu wafanyavyo. Hakuitupa. Aliiangalia kwa huzuni ya kweli, kama amuagaye rafiki asiye na kosa, akanipa mimi.

— Mpe Timazi, akasema. Kisha akasema: — La, usimpe. Kakohoa vibaya leo. Izamishe majini.

— Koga kwanza, akasema Mwatum, akimpisha. Na usukutue. Na shati hilo livue uani, usinipitishie kwa mtoto.

Mjaka aliingia. Nilichokipata baadaye nilikipata kwake mwenyewe: kwamba alikoga, akasukutua mara mbili, akavaa kanzu safi, akaketi ukumbini kwenye kiti chake, na Laila akampa mtoto. Ummkulthum akamtazama babu yake sana. Akakunja uso, akapiga chafya, akalala.

— Mchekeshe! akasema Mjaka.

— Mtoto si taa, akasema Mwatum, ukibonyeza awake. Utangoja kama wengine.

Basi hivyo ndivyo Dohani alivyoanza kuiacha sigara, na msifikiri ilikuwa safi. Kwa Shehe Talib alikaa mpaka isha, akatoka masikio mekundu. Siku zilizofuata Kitandani hapakukalika. Alikuwa akitafuna karafuu toka asubuhi, mdomo umekufa ganzi, asema kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Alimgombeza Nyange kwa rangi ya shati lake tu. Alimkatia mteja mlango mfupi, akabishana naye kuwa watu wa nyumba hiyo ni wafupi. Mara moja alipotea mchana, akarudi hatutazami, na Mufti akamnusa bila kuuliza ruhusa.

— Umevuta.

— Nimevuta. Pwani. Moja. Na sikuimaliza.

— Haya, akasema Mufti, akitafuta methali ya kumliwaza. Mchelea mwana kulia...

— Nyamaza, Haroub, akasema Mzee Jaribu, na akampa Mjaka kikombe.

Mchana ule Mjaka hakumgusa mtoto mpaka alipokoga tena, na Mwatum alipomuuliza kwa nini akoga mara mbili, alimwambia. Mwatum hakumtukana. Alimwongezea karafuu, akamwambia zile za jana ni kavu, hizi zina mafuta.

Nyange naye, tangu zile mbio za bombani, havuti tena benchini. Huinuka akaenda kuvutia nyuma ya karakana ya baiskeli ya jirani, akirudi tunamuuliza kama vilango vimefunguka.

Na kila siku, Mjaka akitoka nyumbani baada ya chakula, swali letu lilikuwa moja. Jana, kwa mfano, alikuja amechangamka, kofia imekaa sawa, shavu limevimba kwa karafuu. Hatukumpa nafasi ya kuketi.

— Leo kacheka? akauliza Mmanga.

— Kacheka.

Benchi zima likageuka. Mzee Jaribu akasimamisha dele hewani.

— Cheko la kweli?

— La kweli. Fizi nje. Nimeliona kwa macho yangu.

— Maashallah! Kakuchekea weye?

Mjaka akaihamisha karafuu kutoka shavu hili kwenda lile.

— Kamchekea paka.

Tulicheka mpaka Nyange akashika mbavu zile zile. Mjaka alitungoja tumalize. Akanywa funda moja, akatazama jua lilipo, akamrudishia Mzee Jaribu kikombe kikiwa na nusu.

— Mbona waondoka? akauliza Mufti. Kahawa ingalipo.

— Saa hizi mtoto huwa keshaamka, akasema Mjaka, na akashika njia ya nyumbani, anavinusa viganja vyake vya mikono kama vina harufu ya moshi, kimoja baada ya kimoja, akienda.